Namna ya Kubuni Figo Bandia: Mwongozo kwa Mhandisi Tiba Anayeanza

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa uhandisi tiba, mafundi wa vifaa tiba na madaktari vijana wanaotaka kuingia katika kazi ya kutengeneza figo bandia, iwe ni mashine ya kusimama kando ya kitanda, kifaa cha kuvaliwa kiunoni au kiungo cha kupandikizwa ndani ya mwili. Hakuna chochote kilichoelezwa humu kinachopaswa kuunganishwa na mwili wa binadamu nje ya utafiti ulioidhinishwa. Lengo ni kuonyesha mpangilio wa kazi, na hasa kumzuia msomaji asianze pale ambapo wengi hupenda kuanzia, yaani kwenye chujio.

Chujio ni sehemu iliyokwisha kupatiwa ufumbuzi wa kuridhisha zamani. Willem Kolff, daktari wa Kiholanzi, alisafisha damu ya mgonjwa kwa mashine mwaka 1943 katika mji wa Kampen, nchi yake ikiwa mikononi mwa Wajerumani, kwa kutumia mirija ya selofani ya kutengenezea soseji aliyoizungushia kwenye pipa la mbao lililokuwa likizunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi. Karibu wagonjwa wake wote wa mwanzo walifariki, lakini Septemba 1945 mama mmoja wa miaka 67 aliyekuwa amepoteza fahamu alizinduka baada ya kusafishwa damu, na figo zake zikarudia kazi yake. Machujio ya leo ni bora kuliko ya Kolff kwa kila kipimo, ila maswali manne yaliyomsumbua bado yako mezani: damu itatolewa wapi mara kwa mara bila kuiharibu mishipa, itazuiwaje isigande, maji ya kusafishia yatatoka wapi, na taka zitaishia wapi. Chora chujio lako baada ya kuyajibu hayo.

Anza na hesabu ya kazi

Kabla ya kununua hata mpira mmoja wa maabara, andika ni kazi ipi ya figo unayotaka kifaa chako kiifanye na kwa kiasi gani. Figo mbili zenye afya huchuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku, kisha hurudisha mwilini karibu zote na kubakiza lita moja hadi mbili za mkojo. Pamoja na kuondoa taka, husawazisha potasiamu, sodiamu na asidi ya damu, hutoa homoni ya eritropoetini inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu, hukamilisha vitamini D ili mifupa ipate kalsiamu, na hushiriki katika kudhibiti shinikizo la damu. Mashine za hospitalini hufanya sehemu tu ya orodha hiyo, na mengine yote huachiwa dawa na sindano. Si aibu kubuni kifaa kinachofanya kazi moja au mbili, mradi karatasi yako iseme wazi ni zipi zimeachwa na nani atazibeba.

Sasa fanya hesabu ifuatayo kwa mkono, kwa sababu ndiyo inayoamua mwelekeo wa mradi mzima. Kiwango cha usafishaji ni ujazo wa damu unaosafishwa kikamilifu kwa dakika moja. Tukichukua mililita 100 kwa dakika kwa figo za kawaida, na wiki ikiwa na dakika 10,080, tunapata takribani lita 1,008 kwa wiki. Mgonjwa anayekwenda hospitali mara tatu kwa wiki, saa nne kila safari, kwa chujio linalosafisha mililita 150 za damu kwa dakika, hupata dakika 720 za usafishaji, yaani lita 108. Hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi ya kazi ya figo, na kwa sehemu hiyo moja watu huishi miaka mingi, jambo ambalo kwa maoni yangu halistaajabiwi vya kutosha.

Linganisha na kifaa kidogo kinachosafisha mililita 20 tu kwa dakika lakini kisicholala usiku wala mchana. Kwa wiki kitafikisha lita 201, karibu mara mbili ya mashine kubwa ya hospitalini. Katika majimaji ya ziada tofauti ni kubwa zaidi. Mgonjwa asiyekojoa kabisa, ambaye ameongezeka lita tatu tangu kipindi kilichopita, itabidi aondolewe mililita 12.5 kila dakika kwa saa nne, na ndiyo maana wengi hubanwa na misuli ya miguu, hushuka shinikizo la damu na kurudi nyumbani wakiwa wamechoka kabisa. Kifaa kinachofanya kazi mfululizo kingeyatoa majimaji hayo kwa kasi ya mililita moja au moja na nusu tu kwa dakika. Kwa hiyo anayebuni figo ya kuvaliwa au ya kupandikizwa hashindani na mashine ya hospitalini kwa nguvu. Anashindana nayo kwa muda, na kifaa chake kinaweza kuwa dhaifu mara saba kikaishinda.

Kisha andika mipaka: uzito ambao mtu mzima dhaifu anaweza kuubeba siku nzima, kiasi cha damu kinachoruhusiwa kuwa nje ya mwili kwa wakati mmoja, muda ambao betri itadumu, na jambo litakalotokea umeme ukikatika. Mashine nyingi za kusafisha damu zina mkono wa kuizungusha pampu ili muuguzi airudishe damu ya mgonjwa umeme unapozimika, na kifaa chako kinahitaji jibu linalolingana na hilo.

Chagua njia moja

Njia zilizopo ni chache. Ya kwanza ni kuboresha mashine za nje zilizopo. Ya pili ni kifaa cha kuvaliwa. Ya tatu ni kifaa cha kupandikizwa, chenye utando wa kuchuja na chembe hai za figo. Ya nne ni kuotesha figo yenyewe kutokana na chembe hai, ambako maabara zimeweza kupata vijifigo vidogo mno vyenye sehemu za nefroni, yaani vitengo vidogo vya kuchujia vya figo, lakini bado hazijapata kiungo chenye mishipa ya damu na njia ya mkojo kinachoweza kumhudumia mtu. Mwaka 2013 timu ya Harald Ott huko Boston iliosha chembe za figo ya panya hadi kikabaki kiunzi chake tu, ikapanda chembe mpya juu yake na kupata mkojo kidogo. Ni kazi ya kupendeza, ila si mahali pa kuanzia kwa mtu asiye na maabara kubwa ya chembe hai nyuma yake.

Upandikizaji wa figo za nguruwe waliobadilishwa vinasaba, uliofanywa kwa mgonjwa aliye hai kwa mara ya kwanza huko Boston Machi 2024, hauhesabiwi hapa kama figo bandia, lakini ni mshindani wa kweli, na msimamizi yeyote wa fedha za utafiti atakuuliza habari zake.

Ipo pia njia ambayo wahandisi huidharau bila sababu ya msingi, nayo ni kutumia utando wa asili unaofunika matumbo. Tangu Popovich na Moncrief walipoeleza mwaka 1976 namna ya kusafisha damu kupitia tumboni mfululizo, mgonjwa ameweza kujaza lita mbili hivi za maji maalumu tumboni kwa mrija laini, kuyaacha saa kadhaa na kuyatoa, mara nne kwa siku, nyumbani kwake. Damu haitoki nje ya mwili, na maswali mawili kati ya yale manne hupungua nguvu palepale. Yanayobaki ni maambukizi ya tumbo, protini inayopotea na mifuko mingi ya maji. Kifaa kinachoyasafisha maji hayo na kuyarudisha tumboni, badala ya kuyamwaga, kingekuwa figo ya kuvaliwa bila sindano wala damu inayozunguka mirijani, na mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti angefanya vyema kuifikiria kabla ya kukimbilia utando wa silikoni.

Pima chujio mezani

Hata kama hutabuni chujio jipya, lazima ujue kulipima, na kipimo hiki kinawezekana katika maabara ya kawaida ya chuo. Chukua chujio jipya la hospitalini. Ni bomba la plastiki angavu lenye urefu wa kama sentimita 30, ndani yake mna nyuzi nyeupe zipatazo 10,000 zilizo wazi katikati kama mirija, kila moja ikiwa na kipenyo cha ndani cha karibu milimita 0.2. Ukizidisha mzingo wa uzi mmoja kwa urefu wa milimita 240 na kwa idadi ya nyuzi, unapata eneo la mita za mraba 1.5, na damu inayojaza nyuzi zote ni mililita 75 tu. Uwiano huo, eneo kubwa kwa damu kidogo, ndio uliowafanya wahandisi wa miaka ya 1960 waachane na pipa la Kolff.

Andaa ndoo ya lita 10 za maji yaliyosafishwa, tia gramu 9 za chumvi kwa kila lita, kisha gramu 1.2 za urea kwa kila lita. Tumia urea ya maabara, si ya mbolea. Hapo umepata milimoli 20 za urea kwa lita, kiwango kinachofanana na cha mgonjwa kabla ya kusafishwa. Pitisha maji hayo ndani ya nyuzi kwa mililita 200 kwa dakika, na nje ya nyuzi pitisha maji ya chumvi yasiyo na urea kwa mililita 500 kwa dakika, yakielekea upande wa kinyume, ili maji safi kabisa yakutane na damu iliyokwisha kusafishwa zaidi. Usiamini namba inayoonyeshwa na pampu. Kinga maji kwenye silinda ya kupimia kwa dakika moja kamili kwa saa ya kuhesabia sekunde, upande wa kuingia na upande wa kutoka, kwa sababu shinikizo likiwa kubwa ndani ya nyuzi sehemu ya maji itavuja nje na kukudanganya kwamba urea imesafishwa.

Subiri mtiririko utulie, kisha chukua sampuli. Ikiwa yanayoingia yana milimoli 20 na yanayotoka yana 5, kiwango cha usafishaji ni 200 mara 15 gawanya kwa 20, yaani mililita 150 kwa dakika. Usiishie hapo. Upande wa damu umepoteza milimoli 3 za urea kila dakika, hivyo maji ya kusafishia, yanayopita nusu lita kwa dakika, yanapaswa kutoka na milimoli 6 kwa lita. Kama umepata 4, kuna kosa: labda mrija unavuja, labda hewa imebaki ndani ya nyuzi na kuziba sehemu yake, labda sampuli zimechelewa. Matokeo yasiyo na ulinganisho huu hayafai kuandikwa popote. Baadaye geuza mirija ili mikondo yote miwili ielekee upande mmoja, pima tena, na uone kiwango kikishuka bila ya wewe kubadilisha kitu kingine chochote.

Urea ni molekuli ndogo, yenye uzito wa 60 tu, na karibu utando wowote utaipitisha. Kipimo kigumu zaidi ni protini ndogo iitwayo beta-2 mikroglobulini, yenye uzito wa karibu 11,800, ambayo ikijikusanya kwa miaka hujipanga kwenye viungo na kuleta maumivu makali ya mabega na viganja. Utando unapaswa kuipitisha hiyo huku ukiizuia albumini, protini kuu ya damu yenye uzito wa karibu 66,000, isipotee. Nafasi ya kazi ya mbuni wa utando iko katikati ya namba hizo mbili.

Damu si maji mekundu

Maji ya chumvi hayagandi, na hapo ndipo vifaa vingi vilivyofaulu mezani huanza kushindwa. Damu ikigusa plastiki, silikoni au chuma huanza mara moja kujifunika protini na kutafuta namna ya kuganda, na huganda kwa haraka zaidi mahali inapotulia: kwenye kona ya kiungio, nyuma ya vali, kwenye mrija uliopanuka ghafla. Chora njia ya damu isiyo na kona wala ngazi. Kisha ijaribu kwa damu ya ng'ombe kutoka machinjioni, iliyokingwa kwenye chombo chenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kutumika siku hiyohiyo ikiwa na joto la nyuzi 37. Baada ya saa kadhaa suuza kifaa kwa maji ya chumvi na ulitazame chujio kwenye mwanga. Nyuzi zilizobaki nyekundu wakati zenzake zimerudia weupe ndizo zilizoziba, na mara nyingi zitakuonyesha sehemu ya kichwa cha chujio ambako mtiririko haufiki sawasawa.

Swali la pili la damu ni mlango wake. Kwa zaidi ya miaka 15 baada ya Kolff, mashine iliweza kumwokoa tu mtu ambaye figo zake zingepona zenyewe, kwa sababu kila kipindi kiliharibu ateri nyingine, yaani mshipa wa kutoa damu moyoni, na vena nyingine, yaani mshipa wa kuirudisha, na mishipa ilikwisha. Mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle, Marekani, aliunganisha ateri na vena za mkono kwa mrija wa Teflon uliobaki mahali pake kati ya kipindi kimoja na kingine, na mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, akaishi miaka 11 zaidi. Miaka sita baadaye Brescia, Cimino na wenzao wa New York walieleza fistula, yaani kuishona vena moja kwa moja kwenye ateri chini ya ngozi ili inenepe na iweze kuchomwa sindano mara nyingi. Fistula huhitaji wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kabla ya kutumika, na mgonjwa anayefika hospitali akiwa amechelewa huwekewa mrija shingoni, ambao huleta maambukizi kwa urahisi. Figo ya kuvaliwa inayodai damu saa 24 kwa siku inauliza jambo ambalo fistula haikubuniwa kulijibu, kwa maana mtu hawezi kulala, kuoga na kupanda daladala akiwa na sindano mbili mkononi. Andika jibu lako la mlango wa damu kwenye ukurasa wa kwanza wa pendekezo lako la utafiti.

Maji, ambako miradi mingi huvunjika

Katika kipindi kimoja cha saa nne, kwa mililita 500 kwa dakika, mgonjwa hutumia lita 120 za maji ya kusafishia, na ili kuyapata mtambo wa RO, unaosukuma maji kwa shinikizo kupitia utando unaozuia chumvi na uchafu, humwaga maji mengine mengi. Maji ya kunywa yaliyo salama kwa mtu mwenye afya si salama hapa, kwa sababu mtu hunywa lita mbili kwa siku na utumbo wake huchagua cha kupokea, ilhali damu ya mgonjwa hukutana na lita 120 kupitia utando usiochagua.

Mifano ya gharama ya kulisahau hilo ipo. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazil, kituo kimoja kilitumia maji ya bwawa yaliyokuwa na sumu ya mwani ambayo hayakutibiwa vya kutosha, na zaidi ya wagonjwa 50 walifariki kwa kuharibika ini. Miaka mitatu kabla ya hapo, Chicago, mtambo wa kuondoa madini ulioishiwa nguvu uliachilia floridi kwa wingi, na wagonjwa watatu walifariki mioyo yao ikivurugika mapigo. Kloramini, ambayo mamlaka za maji huitumia kuua vijidudu, hupasua chembe nyekundu za damu isiponyonywa na mkaa maalumu. Aluminiamu iliyotumika kutulizia tope hujikusanya kwenye ubongo na mifupa.

Floridi inatuhusu kwa karibu. Mwenyeji wa Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru anajua meno ya kahawia yanatokana na nini, na maji ya chini ya ardhi katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa yana floridi inayozidi kwa mbali hata kiwango cha maji ya kunywa. Viwango vya kimataifa vya ISO 23500 vinaruhusu miligramu 0.2 tu kwa lita katika maji ya kusafishia damu, na miligramu 0.1 za klorini yote kwa ujumla. Anayebuni kifaa cha nyumbani kwa mgonjwa wa Arumeru na anayebuni kwa mgonjwa wa Mombasa, ambako tatizo ni chumvi, hawabuni mtambo mmoja. Pima maji ya mahali kifaa kitakapotumika, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, kabla ya kuchagua utando wa kuyasafishia.

Njia nyingine ni kutumia maji machache na kuyasafisha tena na tena. Mfumo wa REDY, uliotoka miaka ya 1970, ulipunguza hitaji hadi lita sita hivi kwa kuyapitisha maji kwenye mkebe wenye tabaka za unga. Kimeng'enya cha urease huivunja urea kuwa amonia na hewa ya kaboni dayoksaidi, zikoniamu fosfeti hunasa amonia, na mkaa hunyonya kreatinini, taka itokayo kwenye misuli, na taka nyingine. Fanya hesabu ya mkebe wako mapema. Mtu mzima anayezalisha gramu 24 za urea kwa siku anazalisha milimoli 400, kila moja ikivunjika hutoa amonia mbili, kwa hiyo unga wako lazima unase milimoli 800 za amonia kwa siku, na ukishajaa amonia hurudi kwenye damu, ambako ni sumu kuliko urea yenyewe. Unga huohuo hunasa pia kalsiamu na magnesiamu, hivyo itakubidi uzirudishe kwa pampu ndogo ya pembeni. Weka kipima amonia baada ya mkebe, na kisiwe kitu cha kuongezwa baadaye.

Kifaa cha kupandikizwa na chembe hai

Mradi unaojulikana zaidi katika njia hii unaongozwa na Shuvo Roy wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, aliyepata sehemu ya elimu yake nchini Uganda, pamoja na William Fissell wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Wametengeneza utando wa silikoni, kwa mbinu za viwanda vya kompyuta, wenye nyufa nyembamba zinazolingana ili damu ichujwe kwa nguvu ya moyo peke yake, bila pampu wala betri ya kuisukuma.

Kwa nini basi wanahitaji chembe hai? Hesabu inajibu. Chujio linalotoa mililita 30 kwa dakika litatoa lita 43 kwa siku, na hakuna binadamu anayeweza kunywa lita 43 kufidia. Lazima ziwepo chembe zinazoyarudisha maji na chumvi mwilini na kuziacha taka, kama zifanyavyo chembe za mirija ya figo. Mwaka 2023 timu hiyo ilitangaza kwamba chembe za figo za binadamu, zikiwa zimefichwa nyuma ya utando wa silikoni ili kinga ya mwili isizifikie, ziliishi ndani ya nguruwe kwa siku saba bila dawa za kukandamiza kinga. Siku saba ni hatua ya kweli na ni umbali mrefu kutoka kwenye miaka anayoihitaji mgonjwa, na mwandishi wa habari anayesema figo ya kupandikizwa itapatikana karibuni hajauliza idadi ya siku.

Usalama, vibali na jaribio la kwanza

Orodhesha kila namna kifaa kinavyoweza kumdhuru mtu, kwa utaratibu wa ISO 14971, kiwango cha kimataifa cha kudhibiti hatari za vifaa tiba, kabla ya kukamilisha michoro. Damu ikizunguka kwa mililita 300 kwa dakika, sindano ya kurudishia ikichomoka, mtu hupoteza lita moja na nusu kwa dakika tano, na kipima shinikizo cha mashine kinaweza kisigundue, kwa sababu sindano yenyewe ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya ukinzani. Kwa hiyo kigunduzi cha unyevu kwenye bandeji ni cha lazima katika kifaa cha kuvaliwa usiku. Vivyo hivyo kigunduzi cha hewa na cha damu iliyovuja kupitia utando. Vitu vyote vinavyogusa damu vipimwe kwa ISO 10993, na sehemu za umeme kwa IEC 60601. Kwa Tanzania utafiti unaohusisha watu hupitia kamati ya maadili ya taasisi yako na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kifaa chenyewe hupitia TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kenya una NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, kamati ya maadili na Bodi ya Dawa na Sumu. Zungumza nao wakati kifaa kingali mchoro, kwani majibu yao hubadilisha michoro.

Jaribio la kwanza kwa watu liwe fupi na kanuni za kulisitisha ziandikwe mapema. Figo ya kuvaliwa ya Victor Gura, mkanda wenye uzito wa karibu kilo tano uliotumia chini ya nusu lita ya maji, ilijaribiwa London kwa wagonjwa wanane, kisha Seattle mwaka 2015 kwa muda uliofika saa 24. Wagonjwa walitembea nayo na kula vyakula ambavyo kwa kawaida hukatazwa, na taka zilitoka kama ilivyokusudiwa. Jaribio la Seattle lilisitishwa baada ya mgonjwa wa saba, kwa sababu mapovu ya kaboni dayoksaidi yalijaa kwenye mzunguko wa maji na mtiririko ukayumba. Hewa hiyo ndiyo ileile inayotoka urea inapovunjwa ndani ya mkebe, na mezani, pale mtu anapopima kwa saa chache tu akiwa na ndoo iliyo wazi, hupotea hewani bila kuonekana. Endesha kifaa chako kikiwa kimefungwa kabisa, kwa urea ya siku nzima, kikiwa kimevaliwa na mtu anayetembea na kulala bila kuunganishwa na damu yake, kabla ya kuomba kibali. Kila kifaa kikitolewa kwa mnyama au kwa mgonjwa, kikatwe, kipigwe picha na mabonge ya damu yaliyomo yapimwe uzito, na picha hizo ziambatanishwe na ripoti hata kama namba za usafishaji zimependeza.